Kumwekea Morris Minor kabureta ya SU HS4

Hapa Mtwara gari langu, Morris Minor wa cc 1098, alikuwa anachoka kwenye mwinuko wa Mikindani. Kabureta yake (kifaa kinachochanganya hewa na petroli), SU HS2, ina mdomo wa inchi 1 na robo. HS4 ni inchi 1 na nusu, na injini hiyo inaimudu vizuri.

Tafuta manifoldi ya hewa (bomba linalounganisha kabureta na injini) yenye tundu linalolingana. Ukibakiza ile ya zamani, umenunua kabureta bure. Toa waya wa betri, kisha fungua. Manifoldi ya hewa na ya moshi zinashikwa na nati zilezile, kwa hiyo badilisha gasketi yote, mpya kabisa. Hewa ikipenya hapo, hutapata sailensa tulivu (injini kunguruma taratibu gari likiwa limesimama) hata urekebishe vipi. Chumvi ya bahari yetu inaacha unga mweupe kwenye alumini. Usugue mpaka uso uwe safi.

Mimina oili nyepesi kwenye damper, ile inayotuliza pistoni, juu ya kabureta. Injini ikipata moto, inua pistoni ya kabureta kama milimita 1. Mlio ukipanda ukabaki juu, petroli imezidi: pandisha nati ya chini ya kabureta kwa upande mmoja tu kati ya pande zake sita, jaribu tena. Ukishuka au injini ikizima, petroli ni kidogo: shusha nati. Ukipanda kidogo halafu ukatulia, umefika.

Nenda mpaka Mikindani na kurudi, kisha chomoa plagi. Kahawia hafifu ndiyo tunayoitaka. Nyeupe ni hatari: petroli ni kidogo, na hali hiyo inaunguza valvu. Shusha nati uongeze petroli siku hiyohiyo.