Gari Dogo Kuukuu la Mjini: Likague Likiwa Baridi, Litunze Lisichemke

Injini ya cc 1000 iliyokwisha kufanya kazi miaka 20 haivumilii uzembe. Oili yake yote ni lita 3 hivi, na maji ya kupozea ni lita 4 au 5 tu. Lori likipungukiwa lita moja ya oili litaendelea na safari. Gari hili likipungukiwa lita hiyohiyo limebaki na theluthi mbili. Nimenunua, nimetengeneza na nimeendesha magari haya kwa miaka mingi, na injini ndogo nilizozifungua zikiwa zimekufa karibu zote ziliuawa na joto au ukavu wa oili. Kwa hiyo mwongozo huu una upendeleo, nakuambia mapema: nitakaa sana kwenye oili na maji, na mengine nitayapitia haraka.

Hatua ya 1: Gawa pesa kabla hujatazama gari lolote

Igawe mafungu matatu. Mawili ni ya kununulia. La tatu lisiguswe mpaka gari liwe lako, maana gari kuukuu, hata lile lililotunzwa kama mboni ya jicho, litadai kitu ndani ya mwezi wa kwanza: tairi, betri, breki, mkanda. Anayemaliza pesa zote siku ya kununua ndiye anayesogeza mbele siku ya kumwaga oili, na hapo ndipo kifo cha injini kinapoanzia.

Hatua ya 2: Chagua injini, umbo litafuata

Waulize mafundi wa unapoishi wanaijua injini ipi, na spea zake zinapatikana bila kuagiza mbali. Halafu uliza: inatumia cheni ya taimingi au mkanda, yaani kile kinachozifanya valvu zifunguke na kufunga kwa mpangilio na pistoni?

Toyota Vitz ya kwanza, iliyotoka 1999 na kuuzwa Ulaya kwa jina la Yaris, katika injini yake ya cc 997 inatumia cheni. Nissan March K11, ambayo Ulaya iliitwa Micra na ikawa Gari la Mwaka huko 1993, nayo ni cheni. Toyota Aygo, Peugeot 107 na Citroën C1 za kizazi cha kwanza, zilizoanza kutoka kiwanda kimoja cha Kolín, Czech, mwaka 2005, upande wa petroli zinatumia injini ileile ya Toyota ya silinda tatu, cc 998, na cheni pia. Daewoo Matiz ya cc 796 na Fiat Panda zenye injini za FIRE (jina la injini ndogo za Fiat) zinatumia mkanda.

Mkanda hauna ubaya, ila una siku yake. Watengenezaji wengi huutaka ubadilishwe kati ya kilomita 60,000 na 100,000, au baada ya miaka kadhaa hata kama gari halikutembea, kwa sababu mpira huchakaa kwa umri. Katika injini nyingi ukikatika, valvu hukutana na pistoni na hapo hakuna cha kuokoa kwa bei rahisi. Muuzaji asipokuonyesha risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa na upunguze bei kwa kiasi hicho. Cheni nayo si ya milele. Inalainishwa na oili ya injini, na oili ikiwa chafu au pungufu cheni hulegea. Utaisikia ikikereza sekunde chache gari likiwashwa asubuhi.

Hatua ya 3: Lifikie gari likiwa baridi

Gari langu la kwanza la aina hii nililikuta linanguruma uani. Mwenyewe aliniambia ameliwasha ili nisisubiri, nami nikauona ni ukarimu. Asubuhi ya kwanza nyumbani nilizungusha stata mara saba. Lilipowaka, likatoa wingu la buluu lililoning'inia ukutani dakika nzima. Injini iliyopata moto huficha ugumu wa kuwaka, mlio wa cheni na moshi wa kwanza, na hayo ndiyo mambo uliyoyafuata.

Mwambie muuzaji kwa simu asiliwashe mpaka ufike. Ukifika, fungua boneti na uweke kiganja juu ya injini kabla ya mazungumzo yoyote. Ikiwa ya moto, panga siku nyingine.

Ikiwa baridi, anza na kijiti cha oili. Kichomoe, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili nyeusi si dhambi. Oili iliyo chini ya alama ya chini ni dhambi, kwa sababu inakuambia mwenye gari hakuwa akiangalia. Kati ya alama ya chini na ya juu, kwa injini nyingi za namna hii, pana lita moja au pungufu.

Fungua kifuniko cha oili ukigeuze. Ukikuta utando mzito wenye rangi ya maziwa, usikimbie mara moja wala usiupuuze. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja, na sehemu yake hupenya mpaka kwenye oili. Gari linalokwenda safari fupi tu halipati moto wa kuyakausha, hivyo utando mwembamba chini ya kifuniko unaweza kuwa alama ya maisha ya mjini. Ila kama oili ya kwenye kijiti nayo ina rangi hiyohiyo, maji na oili vimekutana ndani. Gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku) imeungua au hedi imepinda. Shukuru, funga boneti, aga.

Kisha fungua kifuniko cha rejeta, tena kwa injini baridi pekee. Unataka kuona kulanti, yaani maji ya kupozea yenye dawa, ikiwa na rangi yake safi, iwe kijani, nyekundu au buluu. Maji ya kahawia ni kutu iliyokwisha kuziba njia nyembamba za rejeta. Vitone vya mafuta vikielea juu, habari ni ileile ya gasketi. Ukikuta maji matupu yanayong'aa, uliza yamewekwa lini: huenda ni ya jana, kufidia yanayovuja.

Hatua ya 4: Washa, kisha subiri feni

Washa ufunguo bila kuzungusha stata. Taa ya oili, ya betri na ya injini zote ziwake, kisha zizime injini ikishika. Taa ya injini isiyowaka kabisa, huenda kuna mtu ameing'oa au kuiziba.

Tazama ekzosti. Moshi wa buluu unaotoka wakati wa kuwasha na kupotea huelekeza kwenye sili za valvu zilizokauka, na unaweza kuishi nao. Buluu inayoongezeka kila unapopiga resi huelekeza kwenye ringi za pistoni. Moshi mweusi ni petroli nyingi mno. Mweupe asubuhi ni mvuke wa kawaida, lakini ukiwa mzito, wenye harufu tamu, na usiokoma hata injini ikipata moto, ni kulanti inayoungua.

Sasa fanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawana subira nalo: acha injini ingurume pale pale, eyakondishe ikiwa imezimwa, mpaka feni ya rejeta iwake yenyewe. Inaweza kuchukua dakika 15 au zaidi. Isubiri izime, iwake tena, izime tena. Mzunguko huo ukitimia mara mbili bila joto kupanda, umejua kwamba kihisi cha joto, feni, themostati (valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) na pampu ya maji vinafanya kazi. Isipowaka huku joto likipanda, zima injini. Kwenye foleni hakuna upepo wa kupita kwenye rejeta isipokuwa wa feni hiyo. Washa pia hita ya ndani: ikipuliza baridi wakati injini ni ya moto, maji yamepungua au kuna hewa imenasa.

Hatua ya 5: Bodi na chini

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo njoo na nguo za kuchafuka. Lala chini utazame vizingiti vya milango, sehemu zinaposhikia springi, na mabomba ya breki. Kutu ya juu juu inapigwa msasa. Kutu inayotoboka kwa kidole kwenye muundo wa gari ni sababu ya kuliacha hata injini ikiwa nzuri. Beba sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa laini uipitishe kwenye madigadi ya chuma: inapokataa kushika, chini ya rangi kuna pati.

Kwenye ubavu wa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini umri mkubwa huwa gumu na huteleza kwenye maji.

Hatua ya 6: Liendeshe

Gia ya tatu, mwendo mdogo, kanyaga mafuta kwa nguvu. Injini ikipiga kelele na gari lisiongeze mwendo, klachi imekwisha. Kata usukani mpaka mwisho ukienda taratibu: mlio wa ka-ka-ka gurudumuni ni viungo vya ekseli ya mbele. Funga breki mahali salama uone kama gari linavutwa upande. La otomatiki likichelewa kushika ukiweka D, au likishika kwa kishindo, mimi silinunui.

Linganisha namba ya chasisi kwenye karatasi na iliyogongwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu. Anayeuza awe ndiye mwenye jina kwenye karatasi.

Hatua ya 7: Wiki ya kwanza

Sasa lile fungu la tatu linaanza kazi. Mwaga oili na ubadilishe filta hata ukiambiwa ilibadilishwa jana. Badilisha filta ya hewa, plagi, na mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu na yanatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi. Kama injini ni ya mkanda, ubadilishe pamoja na pampu ya maji pale inapozungushwa na mkanda huohuo, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile.

Halafu mfumo wa maji. Usafishe, weka kulanti iliyochanganywa sawasawa, badilisha mipira iliyovimba au kupasuka, na nunua kifuniko kipya cha rejeta. Kifuniko hicho kinadharauliwa sana. Kazi yake ni kushikilia presha, na presha ya kama bar 1 hupandisha kiwango cha kuchemka cha maji kutoka nyuzi 100 hadi karibu 120. Springi yake ikichoka, gari linachemka bila kosa jingine lolote.

Mkague pia fundi aliyekutangulia: je, themostati ipo? Mafundi wengi huing'oa kama dawa ya kuchemka. Naomba usikubali. Bila themostati injini inachelewa kupata moto, inakunywa petroli zaidi, oili haikauki maji, na ugonjwa uliosababisha kuchemka unabaki palepale.

Hatua ya 8: Maisha ya kila siku

Kila wiki, siku ileile, injini ikiwa baridi: oili, maji, tairi. Andika kwenye daftari ulichokuta. Daftari langu linanionyesha gari linakula oili kiasi gani kwa kilomita 1,000, na namba hiyo ikianza kupanda najua kabla ya taa. Taa ya oili ikiwaka ukiwa njiani maana yake presha imekwisha kushuka. Hapo unazima injini, huendi mpaka nyumbani.

Kwa gari la foleni na safari fupi mimi namwaga oili kila kilomita 5,000 au miezi 6. Na mara moja kwa wiki lipe safari ya nusu saa ya mwendo mzuri ili oili ikauke na betri ijae.

Usiiburuze injini ndogo kwenye gia kubwa kilimani. Ikianza kutetemeka, shusha gia uache izunguke. Imeundwa kwa mizunguko mingi.

Hatua ya 9: Ikichemka barabarani

Magari mengi madogo hayana mshale wa joto, yana taa nyekundu tu. Kihisi chake kimetengenezwa kukaa ndani ya maji. Maji yakiisha kabisa, kinabaki hewani na kinaweza kusoma kidogo kuliko ukweli. Kwa hiyo amini pia pua na masikio: harufu tamu, hita iliyogeuka baridi ghafla, nguvu iliyopungua, mlio wa kugonga unapokanyaga mafuta.

Ukiona dalili, zima eyakondishe, fungua hita mpaka mwisho, sogea pembeni, zima injini. Usiguse kifuniko kwa angalau nusu saa. Maji ya juu ya nyuzi 100 yanayoachiwa presha huruka usoni. Ikipoa, ongeza maji taratibu, kwani maji baridi mengi kwenye chuma cha moto hupasua hedi. Washa injini kifuniko kikiwa wazi na utazame ndani. Maji yakitulia, tafuta mpira uliotoboka au fyuzi ya feni. Yakitoa mapovu mfululizo tangu injini ikiwa baridi, gesi ya silinda inapenya kwenye maji: ita gari la kukokota, hata kama nyumbani ni kilomita mbili tu.