Somo: Kujitambulisha kama mtaalamu unapoanza kazi za kujitegemea (kwa tulio Dodoma na jirani)

Habari za leo wakuu. Wiki hii vijana kadhaa wamenifuata pembeni na swali lilelile: "Dada, kazi naijua, ila wateja wananichukulia kama mtoto wa stesheneri." Nimeona nijibu mara moja hapa. Mimi ni dizaina wa ripoti na vipeperushi, na nilianzia kwenye kona ya stesheneri moja Majengo, kwa hiyo neno hilo kwangu si tusi.

Kwanza kisa. Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa ofisa wa taasisi moja hapa mjini. Aliangalia kazi zangu kwenye simu, akasema, "Nzuri. Nitumie profoma kabla ya saa tisa." Nikaitikia, nikatoka, nikasimama chini ya mti kumpigia rafiki: profoma ndiyo nini? Naye hajui. Saa tisa kasoro nikamtumia ujumbe wa WhatsApp: "Bosi, ripoti kurasa 40 ni laki nne, maelewano yapo." Kimya. Baadaye nikaikuta ripoti ile mezani kwa mtu, imepangwa na mwingine, vibaya kuliko ambavyo ningeipanga mimi. Nasema bila wivu. Haya, wivu ulikuwepo.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba yule ofisa hakunidharau. Alikosa tu profoma, yaani karatasi ya bei inayotolewa kabla ya kazi, ya kuambatisha kwenye dokezo la kuomba idhini ofisini kwake. Anayekupa kazi naye ana bosi, au mhasibu, au mume, wa kumweleza kwa nini amekuchagua wewe. Hatua zote hapa chini ni za kumrahisishia hayo maelezo.

Hatua ya 1: Jitaje kwa sentensi inayorudiwa. "Nafanya grafiki, video, tisheti, kadi za harusi, na asali ya Singida ipo" haibebeki. "Napanga ripoti ziwe tayari kwa kuchapwa" inabebeka. Asali iuze kwa namba nyingine.

Hatua ya 2: Jina moja kila mahali. Jina la barua pepe, la WhatsApp na la kwenye profoma liwe lilelile. Kitu ambacho wengi wanasahau ni laini ya kupokelea pesa. Mteja anapotuma, simu inamwonyesha jina lililosajiliwa. Akiona jina la mjomba wako, anasita, na ana haki ya kusita. Sajili laini kwa jina lako, na picha ya wasifu iwe uso wako, si ua wala gari la watu.

Hatua ya 3: Sampuli tatu zinatosha. Huna mteja bado? Chukua waraka ulio wazi kwa umma, hotuba ya bajeti kwa mfano, upange upya kurasa mbili, kisha andika chini "zoezi binafsi". Usiweke nembo ya Taifa ukajifanya umetumwa. Dodoma huu mji mdogo, mtu wa wizara husika anaweza kuwa amekaa meza ya pili.

Hatua ya 4: Profoma. Hapa ndipo penye kazi, tulieni.

Ukurasa mmoja, PDF, siyo picha ya skrini. Juu jina lako, simu, TIN (namba ya mlipakodi) na tarehe, na namba ya profoma. Kisha jina la mteja, lile la ofisi, siyo "Bosi". Halafu mistari ya kazi: kupanga kurasa 40, jalada, michoro mitano, kila mstari na bei yake. Ukiandika "dizaini 400,000" kwa mkupuo, mhasibu atauliza kwa nini siyo 300,000. Ukigawa, atauliza kuhusu michoro tu.

Chini weka masharti manne: bei inadumu siku ngapi, marekebisho ni mara ngapi (mimi naweka mbili, ya tatu inalipiwa), malipo ya awali kiasi gani, na kwamba uchapaji haumo. Hili la uchapaji liandike hata kama unaona liko wazi. Niliwahi kudaiwa nakala mia moja ambazo sikuwahi kuziahidi.

Na futa "maelewano yapo". Atakayetaka kupunguziwa ataomba mwenyewe.

Hatua ya 5: Karatasi za serikali. TIN ya TRA haina ada, unahitaji namba ya NIDA. Jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao. Mimi nililipa 20,000 jumla. Anza na TIN, jina litasubiri.

Hatua ya 6: Siku ya kukutana. Ukiitwa Mji wa Serikali Mtumba, kumbuka ni kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji, na getini unaandikishwa. Toka mapema. Beba kitambaa cha kufutia viatu, vumbi letu mnalijua. Sampuli ziwe zimechapwa. Usimpe mtu simu yenye ufa aanze kukuza picha kwa vidole huku meseji za kikoba zinaingia.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Nkuhungu: Dada, sina kompyuta, natumia simu tu. Nitaonekana mtaalamu kweli?
Jibu: Profoma inatengenezeka kwenye simu na kuhifadhiwa kama PDF. Usichukue tu kazi ambayo simu haiiwezi. Kubali vipeperushi, ripoti ya kurasa 80 iache kwanza.

Mwanafunzi wa UDOM: Nianze na bei ya chini ili nipate wateja?
Jibu: Andika bei kamili, chini yake mstari wa punguzo, kisha jumla. Mteja aone thamani na aone umempa nini. Bei ya chini isiyo na maelezo itakuwa bei yako ya kudumu.

Kutoka Singida: Nilidai 400,000 kwa huduma, ofisi imenilipa 380,000. Nimeibiwa?
Jibu: Hapana mkuu. Hiyo ni kodi ya zuio, asilimia 5 kwa huduma, ambayo ofisi inaikata na kuipeleka TRA. Dai cheti chake, kwa sababu kiasi hicho unahesabiwa kuwa umeshalipa kodi utakapofanya hesabu za mwaka na TRA.

Kutoka Kondoa: Ofisi za umma hazitoi malipo ya awali. Nifanyeje?
Jibu: Omba LPO, yaani hati ya ofisi ya kukuagiza kazi, kabla hujagusa kazi, na jisajili kwenye mfumo wa NeST kwa sababu manunuzi yao yanapita huko. Mwaka wao wa fedha unafunga tarehe 30 Juni, kwa hiyo ankara ya Juni usiilaze hata siku moja.

Kutoka Ipagala: Niseme "sisi" au "mimi"? Niko peke yangu.
Jibu: Mimi nilisema "karibu ofisini kwetu". Mteja akaja kweli, na gari la ofisi. Alinikuta mimi, mashine ya fotokopi, na mtoto wa jirani anayesubiri kukatiwa manila. Akaniuliza, "Na wenzako wako wapi?" Siku hizi naandika "mimi".