Vuli imekwisha: soma mizizi kabla ya kupanga masika

Januari ndiyo saa ya hesabu kwa bustani za nyumbani hapa Mombasa. Nyanya zimechoka, na masika bado yako mbali kiasi cha kukupa nafasi ya kutengeneza udongo.

1. Daftari. Kila tuta: ulichopanda, tarehe, mavuno. Mboga za majani hesabu kwa mafungu, biringanya kwa kilo. Andika bei ya soko la Kongowea pembeni, ujue kama bamia zilistahili maji yake.

2. Mizizi. Chimba kwa jembe uma. Ukivuta kwa mkono, mizizi myembamba hukatikia ardhini, na ushahidi uko humo. Toa mashina matatu kwa kila tuta, moja lililostawi na mawili yaliyodumaa, uyasuuze ndooni.

Mizizi ya nyanya au bamia ikiwa na mafundo kama shanga, hiyo ni minyoo fundo, vinyoo vya udongoni visivyoonekana kwa macho, na udongo wetu wa mchanga huipenda. Kunde zisikudanganye: vinundu vyake ni vya faida. Sugua kwa kidole. Kinundu cha kunde hubanduka, na ndani kina rangi ya waridi. Fundo la minyoo halibanduki, kwa kuwa ni mzizi wenyewe uliovimba. Kunde huweza kuwa na vyote viwili, kwa hiyo usiamue kwa mzizi mmoja.

Shina lililonyauka lingali kijani, mizizi haina mafundo? Likate karibu na ardhi, uning'inize kipande kwenye glasi ya maji. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Usipoteze pesa kwa dawa. Nyanya, biringanya, pilipili na mnavu ni ukoo mmoja. Zisirudi hapo kwa miaka kadhaa. Nyanya zihamie ndoo zenye udongo mpya, na masalia yasiingie kwenye mboji.

Majani ya chini yakiungua kingo, shuku chumvi ya kisima. Maharage ndiyo hulia wa kwanza.

3. Tuta lenye minyoo. Lilainishe, limwagilie hadi futi moja chini, tandika nailoni angavu igusane na udongo, fukia kingo, acha wiki 6. Nyeusi haifai: hupata joto yenyewe, udongo ukabaki vuguvugu. Minyoo ya chini zaidi hupona, basi anza na mchicha, uung'oe na mizizi wiki ya tatu tangu kusia, kabla minyoo haijazaana sana.

4. Mbegu. Kumi ndani ya kitambaa kibichi. Zisipoota saba kwa wiki moja, nunua nyingine. Huenda joto la jikoni limeziua.

5. Kalenda. Mchicha na kunde: mvua za kwanza, mwisho wa Machi au Aprili. Samadi iliyooza, debe moja kwa mita mbili za mraba. Nyanya usizikimbilie, kwani usiku wa joto la kaskazi hupukutisha maua. Sia Mei chini ya kibanda, hamisha Juni, zichanue Julai kusi likiwa limepoza hewa.