Kutoka Guangzhou hadi Xingping: Namna ya Kupanga Siku Mbili Kando ya Mto Li

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo na Eastleigh wakifika Guangzhou huona masoko ya jumla, maghala na hoteli, basi, safari ikaisha. Kama una siku mbili za kusubiri mzigo ufungwe, panda treni uende Xingping (兴坪), mji mdogo wa wilaya ya Yangshuo katika eneo la Guangxi. Vilima vya mawe ya chokaa vilivyochorwa nyuma ya noti ya yuan 20 viko hapo.

Hatua ya 1: Chagua tarehe

Wakati mzuri ni kuanzia katikati ya Septemba hadi Novemba. Aprili hadi Juni mvua ni kubwa, na mto ukijaa, safari za vyelezo vya watalii husimamishwa bila kujali umeshalipa au la. Epuka kabisa tarehe 1 hadi 7 Oktoba, sikukuu ya Mei Mosi na Mwaka Mpya wa Kichina: vyumba hupanda bei na tiketi za treni huisha.

Ukiweza, lenga siku ya gulio. Xingping huwa na gulio tarehe zinazoishia na 3, 6 na 9. Siku hizo wakulima wa vijiji vya jirani hushusha mboga, matunda, kuku na majembe, na mji unakuwa wa wenyeji kuliko wa watalii.

Hatua ya 2: Kata tiketi ya kituo sahihi

Tumia 12306, programu rasmi ya reli ya China, yenye sehemu ya Kiingereza. Jisajili mapema, kwa sababu uhakiki wa pasipoti huweza kuchukua muda. Tiketi kwa kawaida hufunguliwa siku 15 kabla ya safari. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Unaondokea Guangzhou South (广州南), unashukia Yangshuo (阳朔). Safari ni ya saa mbili hadi mbili na nusu. Hapa watu hukosea mara mbili. Kwanza, Guangzhou ina vituo kadhaa, na ukienda kituo kingine huwezi kufidia muda huo. Pili, wengine hukata tiketi ya Guilin kwa kuwa jina lake linajulikana zaidi, kumbe wanapitiliza na kulazimika kurudi nyuma kwa basi.

Fika kituoni saa nzima kabla. Pasipoti yako ndiyo tiketi, na mashine nyingi za getini zimetengenezwa kwa vitambulisho vya Kichina, kwa hiyo nenda kwenye njia yenye mhudumu. Kama umebeba sampuli za visu vya jikoni, ziache Guangzhou. Zitazuiwa kwenye ukaguzi.

Hatua ya 3: Simu na pesa, kabla hujaondoka Guangzhou

Unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard na Alipay au WeChat, programu za kulipia kwa simu, kisha ijaribu kwa kununua hata maji ya kunywa. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato ya huduma. Yakizidi hapo hukatwa asilimia 3, hivyo malipo makubwa ni bora kuyalipa taslimu. Beba noti ndogo ndogo. Google haifunguki kwa intaneti ya kawaida ya huko, basi pakua ramani ya Amap na uhifadhi picha ya jina la nyumba yako ya wageni kwa herufi za Kichina. Dereva hataelewa lile la Kilatini.

Hatua ya 4: Lala Xingping

Hili ndilo linaloamua safari yote. Kituo kinachoitwa Yangshuo kiko upande wa Xingping. Mji wa Yangshuo wenyewe uko mbali, kilomita 30 hivi. Ukishuka, basi dogo la Xingping hukufikisha kwa dakika 20 hivi. Atakayelala Yangshuo atafika mtoni wakati makundi ya watalii yameshajaa.

Kabla ya kulipia chumba, uliza kama wanapokea wageni wenye pasipoti za nje, maana nyumba nyingine ndogo hazijazoea kuwasajili kwa polisi. Ukilala kwa mtu binafsi, usajili huo unakuhusu wewe na mwenyeji wako, ndani ya saa 24.

Hatua ya 5: Mto, asubuhi na mapema

Nenda mahali pa noti ya yuan 20 kwa miguu, ukifuata ukingo wa mto, ufike kabla ya saa 2 asubuhi. Maji bado yametulia na vilima vinaonekana ndani yake kama kwenye kioo. Boti zikianza kupita, mawimbi huvuruga kila kitu. Mvuvi mwenye ndege wa mnandi begani anafanya kazi ya kupigwa picha: patana naye bei kwanza, kisha piga.

Vyelezo vya hapa ni vya mabomba ya plastiki na injini. Kama unataka vya mianzi halisi, vinavyosukumwa kwa upondo, siku ya pili nenda Mto Yulong, karibu na mji wa Yangshuo. Kila kimoja hubeba abiria wawili. Kikivuka banio, sehemu ya mbele huzama kidogo na miguu hulowa, hivyo vaa kandambili na funga simu kwenye mfuko usiopitisha maji.

Hatua ya 6: Kilima cha Laozhai, jioni

Ngazi za mawe ni zaidi ya elfu moja na zina mwinuko mkali. Tenga saa nzima ya kupanda na ubebe maji na tochi, kwa kuwa baada ya machweo giza huingia upesi. Mvua ikiwa imenyesha, acha. Mawe huteleza vibaya. Njia hufungwa wakati mwingine, kwa hiyo muulize mwenyeji wako kwanza.

Chakula

Nyama ya nguruwe na mafuta yake yako karibu kila chungu, hata kwenye supu ya tambi za mchele. Samaki maarufu wa Yangshuo hupikwa kwa bia. Mwislamu atafute maandishi 清真 (yaani chakula halali), ambayo huwa kwenye migahawa ya tambi za Lanzhou. Usitegemee kuipata Xingping, bali nunua matunda gulioni na ubebe chakula kikavu kutoka Guangzhou.

Kurudi

Ukitokea Mto Yulong, ondoka Yangshuo saa mbili na nusu kabla ya treni. Basi la kituoni huchukua karibu saa nzima, na barabara hujaa Jumapili mchana.