Viwango vya kikundi cha watoto cha jioni: ngoma na ususi wa ukili

Somo hili ni la walezi wa vikundi vya Unguja na Pemba wenye watoto wa miaka 9 hadi 14. Ukili ni mkanda wa majani ya mkindu uliosukwa, unaoshonwa kuwa mkeka au mkoba.

Hatua ya 1: saa. Mtoto akitoka skuli anakula, kisha anakwenda chuoni kusoma Kurani. Ukimwita saa 9 unamgombanisha na ustadhi wake. Weka saa 10:15 hadi 11:45 jioni, siku 2 kwa wiki, awe kwao kabla ya Magharibi. Ramadhani ngoma zinapumzika. Ususi na vitendawili vinaendelea.

Hatua ya 2: watu. Watu wazima 2 kila siku, watoto wasizidi 12 kwa kila mmoja, mahali panapoonekana kutoka njiani. Daftari liwe na simu ya mzazi, anayemchukua mtoto, na maradhi kama pumu au kifafa. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, apewe taarifa mapema. Fundi anayefundisha ngoma au ususi alipwe siku ile ile, na nauli yake. Anayesubiri mwisho wa mwezi huanza kukosa siku.

Hatua ya 3: mikono. Hapa ndipo vikundi vingi vinapoanguka. Piga hesabu: watoto 24, ngoma 3, dakika 90. Toa dakika 30 za salamu, maelezo na kukusanya vitu. Kila mtoto anashika ngoma dakika 7 na nusu, na muda uliobaki anakodoa macho. Wagawe: 12 ngomani, 12 kwenye ukili, wabadilishane katikati. Wale wa ngoma, 3 wapige, 3 washike mapigo kwa makofi, 6 wacheze. Zamu ibadilike kila baada ya dakika 7. Dakika za kupiga ni zile zile takriban, lakini hakuna anayekaa bure.

Chane, yaani majani yaliyochanwa membamba ya kusukia ukili, ziloweshwe kidogo, zifungwe kwenye kitambaa kibichi. Zikiwa kavu zinakatika. Zikiwa chepechepe, ukili ukikauka unalegea na kuacha mianya, na mtoto hudhani amekosea kusuka. Kuchemsha rangi ya chane na kupasha ngozi ya ngoma motoni siku za mvua ni kazi ya watu wazima tu.

Hatua ya 4: kupima. Mara moja kwa mwezi mlezi akae pembeni dakika 15, achague watoto 4 bila kuwaambia. Kila dakika aandike: anafanya, anangoja, au hayupo kabisa. Mtoto akingoja zaidi ya dakika 5, mpango ndio mbovu, usimlaumu yeye.

MASWALI

Swali (Wete): Shikamoo mwalimu. Fundi wetu hodari, ila anawatukana watoto wakikosea. Tumwache?
Jibu: Marahaba. Kwanza kaa naye faragha, si mbele ya watoto. Kisha yeye aonyeshe, mlezi kijana ndiye apite akisahihisha. Matusi yakiendelea, mshukuru na mtafute mwingine.

Swali (Makunduchi): Hoteli inataka watoto wakacheze usiku, na inalipa vizuri.
Jibu: Usiku hapana. Mchana, kwa ruhusa ya maandishi ya mzazi, na isizidi mara 1 kwa mwezi. Malipo yaandikwe wazazi wakiona. Kikundi kikishaizoea hoteli, mazoezi yote hugeuka kuwa nyimbo 2 zile zile wanazozipenda wageni.

Swali (Mjini): Bibi mmoja amejitolea kufundisha nyimbo za unyago.
Jibu: Hizo zina wakati wake na watu wake, na bibi mwenyewe anajua. Muombe za michezo na za kubembeleza watoto. Pengine anazo nyingi kuliko alizoulizwa. Ngoma za pepo nazo zisiingie.

Swali (Mkoani): Wavulana hawataki ukili, wanasema kazi ya wanawake.
Jibu: Waanze na pakacha la kuti bichi, linakwisha siku ile ile. Kisha dema dogo, mtego wa samaki wa kusuka, kazi ya wavuvi. Vidole vikishazoea kupishanisha, waweke karibu na wanaosuka ukili bila kuwaambia lolote.