Kukuza Jedi Ndani ya Nyumba Bila Kuiozesha

Mmea wa jedi (Crassula ovata) asili yake ni Afrika Kusini na Msumbiji, kwenye miteremko mikavu yenye mawe. Majani yake manene ni ghala la maji. Inayokufa ndani ya nyumba kwa kawaida imekufa kwa kunyweshwa kupita kiasi.

1. Kipandikizi
Kata tawi lenye afya la sentimita 8 hadi 10, pukuta majani ya chini, kisha liache kivulini siku 5 hadi 7 mpaka kidonda kikauke na kufanya gamba. Likichomekwa udongoni likiwa bichi, huoza kabla ya kutoa mizizi. Jani moja nalo huota, ila utangoja sana; tawi ni bora.

2. Chungu na udongo
Tumia chungu cha udongo wa kuchoma kisichopakwa rangi, chenye tundu chini, kinachozidi upana wa mizizi kwa sentimita 2 au 3 tu. Cha plastiki hukaa na unyevu muda mrefu mno. Changanya udongo wa mboji sehemu 1 na changarawe ndogo au perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano) sehemu 1. Mchanga laini haufai, maana huziba nafasi za hewa. Na ile desturi ya kutandika kokoto chini ya chungu iache: maji hukwama juu ya kokoto, palepale mizizi ilipo.

3. Mwanga
Dirishani, jua la muda wa saa 4 hadi 6 kwa siku. Kingo za majani zikiwa nyekundu, usihangaike. Shina likirefuka na majani kuachana mbali, mwanga hautoshi.

4. Maji
Kipandikizi kipya kisimwagiliwe wiki ya kwanza baada ya kuchomekwa udongoni.

Baada ya hapo, sahau habari ya "kila Jumamosi". Chomeka kijiti kikavu cha mbao hadi karibu na kitako cha chungu, ngoja dakika 10, kichomoe. Kikitoka na unyevu au udongo ulioganda, usimwagilie. Kikitoka kikavu, mimina maji hadi yatiririke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Kudondoshea vijiko viwili vitatu kila siku ni kubaya zaidi: juu panalowa, mizizi ya chini haipati kitu. Kunyunyizia majani hakusaidii.

Panapowapoteza wengi ni majani kukunjamana, kwa sababu dalili hiyo ina vyanzo viwili vinavyopingana:

- Kiu: jani limesinyaa lakini limeshika, shina ni gumu, udongo mkavu. Mwagilia, litajaa tena baada ya siku chache.
- Kuoza: jani ni laini, la manjano, linadondoka ukiligusa tu, udongo mbichi, shina linabonyea karibu na udongo. Mizizi iliyooza haiwezi kunywa, ndiyo maana mmea unaonekana una kiu huku umekaa majini. Ukiongeza maji, umeumaliza.

Kwa kuoza, ng'oa mmea, kung'uta udongo wote, kata mizizi ya kahawia inayoteleza. Uozo ukiwa umepanda shinani, endelea kukata kuelekea juu hadi uso wa mkato uwe safi wote. Ukibaki na doa la kahawia hata dogo, kata tena, ukipangusa kisu kwa spiriti kila mara. Kinachobaki ni kipandikizi: rudi hatua ya 1. Udongo wa zamani tupa.

Msimu wa baridi mmea hunywa kidogo sana, kwa hiyo kijiti kitakaa na unyevu muda mrefu. Usiuache penye chini ya nyuzi 10 za Selsiasi.

5. Kupogoa na mbolea
Kata juu kidogo ya kifundo (pale majani yanapotokea kwenye shina); kwa kawaida yatachipua matawi mawili. Mbolea ya maji iwe nusu ya kipimo cha kwenye chupa, kila baada ya miezi 2 au 3, wakati mmea unakua tu.

6. Wadudu
Vidung'ata, wale wenye unga mweupe, hujificha pale jani linaposhikana na shina. Waguse mmoja mmoja kwa kijiti cha pamba chenye spiriti ya asilimia 70, rudia baada ya siku 7. Dawa za sabuni ziepuke, huweza kuunguza majani ya jedi. Majani unayopukuta yaokote mara moja kama kuna paka au mbwa ndani: wakiyala hutapika.