Vile unaeza kuongoza watu wa duka lako ndio wasikufiche kitu

Kama uko na duka hapa Nakuru, iwe agrovet (duka la dawa za mifugo, mbegu na mbolea), hardware ama hoteli ndogo, na umeandika watu wawili watatu, mimi naamini kipimo kimoja tu cha ubosi: kitu kikiharibika, unaambiwa saa ngapi? Ukiambiwa sai sai unaongoza vizuri. Ukijua baada ya wiki mbili, tena umeambiwa na kastoma mwenye hasira, basi anza kujiangalia wewe kabla uanze kutafuta mwizi.

Wacha nichukue agrovet juu ndio naijua vizuri. Stima imepotea usiku, friji ya chanjo imekaa bila baridi mpaka asubuhi. Chanjo ya Newcastle ya kuku inafaa kukaa kati ya digrii 2 na 8, ikishapata joto kwa muda mrefu inakufa nguvu na ukiangalia chupa kwa macho huoni tofauti yoyote. Kijana anafungua duka, anashika chupa anapata zina vuguvugu, na stima imesharudi, friji inanguruma kama kawaida. Anaeza kukupigia simu. Anaeza pia kunyamaza na kuuza. Hapo ataamua kulingana na vile ulifanya mara ya mwisho mtu alikuletea habari ya hasara, na kama ulimpigia kelele mbele ya wateja halafu ukamkata mshahara, huyo atauza, na mama anatoka Bahati mwenye kuku mia mbili atachanja akijua amemaliza kazi, ugonjwa ukipita hapo kwake anahesabu mizoga, na chama chake chote kinaambiwa duka gani waepuke.

Kwa hivo anza na mdomo wako. Mtu akikuambia kuna shida, swali la kwanza liwe "sasa tufanye nini?" Toeni hizo chupa kwa friji, ziwekwe kando ziandikwe zisiuzwe, mpigie supplier, mjue ni wateja gani wamenunua asubuhi hiyo wapigiwe. Swali la nani alifanya nini lije jioni, duka likifungwa, nyinyi wawili mmekaa. Na umshukuru kwa kusema, kwa sauti, hata kama roho inakuuma juu ya pesa, maana wenzake wanaangalia kuona amefanywa nini.

Hii mambo ya kukata mshahara nayo naomba tuiongee vizuri juu iko kila mahali, tili ikipungukiwa mia tatu inakatwa, chupa ikivunjika inakatwa, kastoma akitoroka na deni inakatwa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, haikupi ruhusa ya kukata tu vile umeamka. Mali ikiharibika ni lazima iwe mfanyakazi alikosa kwa makusudi, na ukate kiasi kinachofaa. Pesa ikipungua ni lazima iwe ni uzembe ama wizi wake, na mkataba wake uwe unasema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea na kuweka pesa. Unapata duka ina watu wanne wote wanaingiza mkono kwa droo moja, mwisho wa siku wanakatwa wote sawa. Hapo umefundisha mwaminifu kwamba uaminifu wake hauna faida, na mwenye anachukua umemsaidia kugawa deni. Kila mtu wa shifti apewe droo yake, ahesabu akiingia, ahesabu akitoka, mkiwa wawili.

Halafu kazi iwe na jina la mtu. "Nyinyi muangalie friji" maanake hakuna mwenye ataangalia. Nunua themomita, weka daftari ya kawaida juu ya friji, anayefungua anaandika saa, digrii na jina lake, anayefunga vile vile. Wewe ukifika isome, hata kama ni dakika moja, juu daftari yenye bosi hasomi inaanza kujazwa ya wiki nzima siku moja na kalamu moja.

Na umpe mtu uwezo wa kuamua. Mwezi wa tatu mvua ikikaribia, watu wanatoka Njoro, Molo, Subukia wanataka mbegu na mbolea ya DAP, mkulima wa mifuko kumi anaomba apunguziwe kidogo, na wewe uko mazishi Siaya simu haishiki. Kama kijana hajui bei ya mwisho ni ngapi, huyo mkulima anavuka barabara. Mwambie kabla: mpaka hapa amua mwenyewe, kupita hapo nipigie. Akiamua ndani ya hiyo mipaka na ikatoka vibaya, simama na yeye.

Makosa rekebisha siku hiyo hiyo, mkiwa wawili, kosa moja. Usifufue ya Januari. Na tafadhali usimkaripie mtu kwa grupu ya WhatsApp ya kazi saa nne usiku, hiyo inasomwa na bibi yake na watoto.

Mtoto wa dada yako kama umemwandika afuate daftari ile ile, afike saa ile ile, na akikosea wengine wajue ameambiwa pia. Hii ni ngumu, najua venye simu zitatoka nyumbani, lakini ukimwachilia mara moja tu wale wengine wataacha kukuambia chochote kinachomhusu.

Mshahara ulipwe tarehe mlikubaliana. Landlordi wake anafunga mlango tarehe tano na haulizi kama biashara ilikuwa chini, na mtu mwenye amelala akifikiria kufuli hawezi kukumbuka digrii za friji. Pesa ikichelewa mwambie mapema, mpe siku kamili, na umpe hata nusu.

Likizo pia wape, siku 21 za kazi baada ya mwaka, sheria inasema hivo, na pia kuna faida: mwingine akishika hiyo kaunta wiki tatu, mambo yenye hujawahi kuambiwa yanajitokeza, deni za marafiki, stoki yenye iko kwa karatasi tu.

Na ikifika mahali pa kumwachisha mtu kwa makosa ama kazi mbaya, usimalize kwa simu. Kifungu cha 41 cha hiyo Sheria ya Ajira kinataka umweleze sababu kwa lugha anaelewa, akiwa na mwenzake wa kazi mwenye amechagua, na usikilize majibu yao kabla uamue. Andika kila kitu mlisema, wote muweke sahihi, mlipe siku zenye amefanya na likizo yenye anadai, na umpe cheti chake cha utumishi chenye tarehe aliingia na tarehe ametoka, ata kama mmekosana.